Gobore haliachi ganda: Tabora na mitambo ya kusikiliza risasi

Katika mjadala mrefu unaoendelea Marekani kuhusu mitambo ya kusikiliza milio ya risasi mijini, kuna faida moja ambayo hata wakosoaji huikubali. Askari akielekezwa mahali penyewe, tena mapema, huokota maganda mengi zaidi ya risasi. Ganda hubaki na alama ya pini iliyoligonga na mikwaruzo ya chemba lilimotoka. Mtaalamu akiziangalia alama hizo kwa hadubini, huweza kusema kwamba bunduki iliyolia leo mtaa huu ndiyo iliyolia mwezi jana mtaa wa pili. Hapo mpelelezi anakuwa na pa kuanzia.

Sasa chukua gobore. Baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kikafuata kitambaa, zikafuata gololi au vipande vya nondo. Likishafyatuliwa hakuna ganda linalodondoka. Kinachobaki ni harufu ya baruti na, ukibahatika, kipande cha kitambaa kilichoungua. Na gobore ndilo linalotajwa mara kwa mara kwenye kesi za ujangili za mapori ya magharibi, kuanzia Sikonge na Kaliua hadi Uvinza na Kibondo. Kabla mtu hajashawishika kwamba Tabora inahitaji maikrofoni juu ya nguzo kama zilivyokuwa Chicago, ajue kwamba faida iliyothibitika zaidi ya mitambo hiyo haitufikii kwa sehemu kubwa.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Mji wa Tabora hauhitaji mitambo hii, na manispaa au polisi wakiinunua watakuwa wamelipia masikio wakati upungufu uko kwenye miguu. Porini hali ni nyingine. Huko kuna namna ya bei nafuu ya kusikiliza ambayo inafaa kujaribiwa, mradi isigeuzwe kuwa king'ora cha kukimbizana na watu wala ushahidi wa kumfunga mtu.

Tuanze na jinsi mitambo ya mijini inavyofanya kazi, maana udhaifu wake umo humohumo.

Bunduki ikipigwa, gesi inayotoka kwenye mtutu hutoa kishindo kinachodumu milisekunde chache. Risasi ikiwa na kasi kuliko sauti, huongeza mlio wa pili, mkavu na mkali, unaosafiri pamoja nayo. Maikrofoni hufungwa juu ya mapaa na nguzo za taa, na kila moja hutunza saa yake kwa GPS. Kishindo kimoja hufika kwa kila maikrofoni kwa wakati wake. Ukijua tofauti ya muda kati ya maikrofoni mbili, unapata mstari uliopinda kwenye ramani ambao chanzo cha sauti kiko mahali fulani juu yake. Maikrofoni ya tatu inaleta mstari mwingine, na mistari inapokatana ndipo mlio ulipotokea. Mbinu yenyewe ni ya zamani: William Lawrence Bragg, mwanafizikia wa Uingereza, aliifanyia kazi tangu 1915 kutafuta mizinga ya Wajerumani huko Ulaya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kampuni inayojulikana zaidi katika biashara hii ni ShotSpotter ya California, iliyoanzishwa 1996 na kubadili jina kuwa SoundThinking mwaka 2023. Kwa kawaida hufunga maikrofoni 20 hadi 25 kwa kila maili ya mraba, sawa na nane hadi 10 kwa kilomita ya mraba. Programu huchuja sauti kwanza. Kinachopita hupelekwa kwa mtu aliyevaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza, akatazama mchoro wa wimbi, akaamua kama ni risasi, fataki au kitu kingine. Ahadi kwa polisi ni kupata taarifa ndani ya sekunde 60, na mahali ndani ya mita 25.

Mita 25 zinasikika kidogo. Lakini duara lenye nusu kipenyo cha mita 25 ni karibu mita za mraba 2,000. Liweke duara hilo katikati ya mitaa ya Tabora kama Isevya au Ng'ambo saa nane usiku: ndani yake kuna nyumba kadhaa za wapangaji, uchochoro mmoja au miwili, vyoo vya nje, kibanda cha chipsi kilichofungwa, mwembe mkubwa na rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Askari wawili wenye tochi wakitaka kulipekua eneo hilo sawasawa, hawamalizi kwa dakika tano. Na hapo tumechukulia kwamba mtambo umelenga.

Mara nyingine haulengi, na sababu zake ni za fizikia tu. Kasi ya sauti hubadilika na joto la hewa: kwenye nyuzi 20 ni takriban mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 35 ni takriban mita 352. Mtambo ukikadiria nyuzi 20 wakati Tabora ya Oktoba iko nyuzi 35, basi kwa kila kilomita moja ambayo sauti imesafiri umeshapotea kiasi cha mita 26, yaani umeshatoka nje ya lile duara. Mitambo mizuri hupima joto na kurekebisha, lakini joto la juu ya paa la bati adhuhuri si joto la kivuli cha mwembe mita kumi kando yake. Upepo nao hupinda sauti: upande unakotoka upepo, mlio hupanda juu na kupotea mapema, na upande wa pili husikika mbali kuliko kawaida. Usiku wa kiangazi, hewa ya baridi ikitulia chini, mlio wa umbali mrefu hufika safi kana kwamba ni wa mtaa wa jirani.

Halafu kuna mwangwi. Kuta za matofali na mabati hurudisha sauti, na maikrofoni iliyozibwa na jengo husikia mwangwi kabla, au hata badala, ya mlio wenyewe. Tabora ina nafuu kwa kuwa imelala tambarare. Kigoma Ujiji ingekuwa taabu zaidi, kwa vile ile miteremko ya kushukia ziwani hurudishiana sauti, na maji ya ziwa huipeleka mbali sana.

Tatizo linalotusumbua zaidi ni la kutofautisha milio. Sauti nyingi za mjini zina umbo la risasi: bodaboda iliyotobolewa ekzosi, tairi la lori la tumbaku likipasuka barabara ya Urambo, transfoma, fataki za harusi na za mkesha wa mwaka mpya, milipuko ya machimbo ya kokoto. Programu hutenganisha sauti kwa mifano iliyofundishwa, na mifano hiyo imetoka kwenye miji ambako silaha kuu ni bastola ya kisasa inayofyatua mara nne, tano, sita mfululizo. Mfululizo huo ndio unaoirahisishia kazi. Mlio mmoja peke yake ndio mgumu kuuamulia, na gobore hutoa mlio mmoja kwa sababu kulishindilia tena kunachukua muda. Baruti ya kienyeji haina kipimo kimoja, kwa hiyo hata magobore mawili ya fundi mmoja hayalii sawa. Kishindo chake ni kizito na kinavutika. Mtambo usiofundishwa kwa milio ya namna hii hauna sababu ya kuutambua.

Sasa tuangalie miji iliyolipia. Mkaguzi Mkuu wa jiji la Chicago alitoa ripoti Agosti 2021 iliyohusu miezi 17, kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Katika taarifa 50,176 za mtambo zilizothibitishwa na wasikilizaji wa kampuni kuwa huenda ni risasi, polisi walipata ushahidi wa kosa linalohusu bunduki kwenye 4,556, yaani asilimia tisa hivi. New York, ukaguzi wa Juni 2024 wa ofisi ya mdhibiti wa fedha wa jiji, Brad Lander, ulikuta kwamba katika miezi iliyochunguzwa ni kati ya asilimia nane na 20 tu ya taarifa zilizothibitika kuwa risasi. Tuwe waadilifu hapa: kutopata ushahidi si sawa na kutopigwa risasi. Mtu anaweza kupiga risasi hewani, akaokota ganda lake, akaondoka. Ila kwa kamanda anayegawa mafuta, hesabu inabaki ileile: safari nyingi zinarudi mikono mitupu.

Safari hizo zina gharama nyingine isiyoonekana kwenye bajeti. Askari anayepelekwa na taarifa ya mtambo huingia mtaani akiamini kwamba kuna mtu mwenye bunduki mbele yake. Chicago, usiku wa Machi 29, 2021, taarifa ya namna hiyo iliwafikisha askari kwenye uchochoro, na mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi na polisi akafa. Risasi zilikuwa zimepigwa kweli usiku ule, mtambo haukudanganya, na bado kilichofuata kilikuwa kifo cha mtoto ambaye mikono yake, kwa mujibu wa picha za video zilizotolewa, ilikuwa tupu na inainuliwa alipopigwa. Mjini humohumo mwanamume wa miaka 60 na kitu alikaa mahabusu karibu mwaka mmoja kwa kesi ya mauaji iliyoegemea sana taarifa za mtambo, mpaka waendesha mashtaka walipoomba ifutwe Julai 2021 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mambo haya hayastahili kupitwa kwa sentensi moja kwenye kikao cha manunuzi. Yanastahili saa nzima.

Chicago ilizima mtambo Septemba 2024 chini ya Meya Brandon Johnson. New York, Desemba mwaka huohuo, iliongeza mkataba wa miaka mitatu wa takriban dola milioni 22. Miji miwili mikubwa, takwimu zinazofanana, maamuzi yanayopingana. Kabla yao, Charlotte na San Antonio zilishaachana nayo 2016 na 2017. Utafiti wa 2021 uliofuatilia kaunti kubwa 68 za Marekani kuanzia 1999 hadi 2016 haukuona mitambo hii ikipunguza mauaji ya bunduki kwa kiwango cha maana. Afrika nayo ina uzoefu: Cape Town iliijaribu Manenberg na Hanover Park kuanzia 2016, na Hifadhi ya Kruger iliitumia dhidi ya majangili wa faru.

Hoja yenye nguvu ya watetezi wa mitambo hii ni ya watu kutopiga simu. Mwaka 2016 wachumi Jillian Carr na Jennifer Doleac walilinganisha taarifa za mtambo na simu za dharura katika miji ya Washington na Oakland, wakakuta kwamba ni asilimia 12 hivi tu ya matukio ya milio ya risasi yaliyofuatiwa na simu kwa polisi. Hilo ni pengo kubwa na halipaswi kubezwa. Lakini linataka swali linalofuata, ambalo kwa Tabora ndilo lenye uzito: kwa nini mtu aliyesikia hapigi?

Mtaani sababu zinajulikana. Mtu anaogopa kwamba kesho yake ataitwa kituoni kuandika maelezo mbele ya ndugu wa mtuhumiwa. Namba ya mkuu wa kituo aliyonayo ni ya aliyehamishwa. Akipiga 112 usiku hana hakika kama anayepokea anaijua Kiloleni ni wapi. Amewahi kupiga akaambiwa gari halina mafuta. Kwa hiyo anampigia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampigia polisi kata, na polisi kata anatafuta bodaboda ya kumfikisha. Kila hatua kati ya hizo inaweza kurekebishwa bila maikrofoni hata moja. Unyamwezini na Usukumani si mahali pa kufundishwa namna ya kusikiliza usiku: sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo na ujambazi, yowe na filimbi ndivyo vilivyokuwa mtambo wao, na kilichoupa nguvu ni kwamba waliosikia walitoka. Baadaye walilaumiwa, kwa haki, kwa kupiga na kuhukumu watu bila mahakama, na hilo ni onyo tosha kwa yeyote anayedhani kusikia haraka na kufika haraka kunatosha.

Tufanye hesabu ya fedha. Bei iliyozoeleka kutajwa kwa miji ya Marekani ni kati ya dola 65,000 na 90,000 kwa maili ya mraba kwa mwaka. Tuseme tunafunika kilomita za mraba 20 za sehemu yenye watu wengi, Gongoni, Kanyenye, Chemchem, Ng'ambo, Isevya, Cheyo na Ipuli. Hizo ni maili za mraba 7.7. Zinahitaji maikrofoni 160 hadi 200, na malipo ya kati ya dola 500,000 na 695,000 kila mwaka. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni bilioni 1.25 hadi 1.74. Chukua kiwango cha chini na uweke dizeli shilingi 3,000 kwa lita: unapata lita zaidi ya 400,000, kiasi cha lita 1,100 kila siku ya mwaka. Difenda ngapi za polisi Tabora zimewahi kupangiwa mafuta ya namna hiyo? Na hatujagusa umeme unapokatika, mtandao unapolegea, wala nyuki wanaopenda kujenga kwenye kila kisanduku chenye tundu.

Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ingefanya kazi inayoonekana. Namba moja ya simu inayopokelewa saa 24 na mtu aliye Tabora penyewe, mwenye ramani ya mitaa ukutani, na anayeruhusiwa kuandika taarifa bila jina la mpigaji. Daftari lenye safu nne: saa ya simu, saa difenda ilipotoka, saa ilipofika, kilichokutwa. Bila daftari hilo hakuna atakayejua kama tatizo ni kutosikia au kutofika, na bila kulijua hilo mjadala mzima wa mitambo ni wa kubahatisha. Halafu mkoba wa eneo la tukio kwenye kila gari: glovu, bahasha za karatasi, kalamu ya wino usiofutika, utepe wa kuzuia watu, rula, tochi mbili.

Bahasha iwe ya karatasi, maana ganda likifungwa kwenye mfuko wa nailoni linavuta unyevu, shaba inapata kutu na alama zinaharibika kabla halijafika maabara Dar es Salaam. Lipigwe picha kwanza pale lilipo, rula ikiwa kando, ndipo liinuliwe, tena kwa kushikwa ubavuni. Lisiinuliwe kwa kuchomekwa kalamu mdomoni, kwani kalamu inakwaruza palepale panapotafutwa mikwaruzo. Kila ganda bahasha yake. Na kama ni usiku, afadhali eneo lifungwe, askari mmoja abaki, upekuzi ufanyike saa 12 asubuhi. Maganda mengi hayapotei kwa sababu ya kuchelewa, yanapotea kwa kukanyagwa na askari na watazamaji gizani. Kwa matukio machache ya mjini yanayohusisha bastola au bunduki za kivita, mambo haya madogo ndiyo yanayofungua kesi.

Kuna pia PF3. Majeruhi wa risasi akifikishwa hospitali ya Kitete, fomu hiyo ya polisi ndiyo taarifa ya uhakika kuliko zote kwamba risasi imepigwa na imempata mtu. Wa dharura hutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Ikijazwa vizuri, ikaonyesha jeraha ni la gololi nyingi ndogo au la risasi moja, ikataja mahali na saa, na nakala zikakusanywa kila mwezi na kuwekwa kwenye ramani moja, mkoa utakuwa na picha ya matumizi ya silaha ambayo maikrofoni 200 haziwezi kuipata. Ni kazi ya karani mmoja na kompyuta moja.

Twende porini, ambako hoja yetu inageuka. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Pembezoni mwake ziko jumuiya za hifadhi kama Ipole, Sikonge, na Uyumbu, Urambo, zenye askari wa wanyamapori wa vijiji. Mlio wa gobore ukisikika katikati ya miombo saa tisa usiku hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kupigiwa. Hapo pengo ni la kusikia kweli.

Vifaa vipo na si ghali. AudioMoth, kinasa sauti kilichobuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, kina ukubwa wa kukaa kiganjani, kinatumia betri tatu ndogo za tochi na memori kadi, na bei yake ni makumi ya dola, si maelfu. Kilijaribiwa kutambua milio ya bunduki kwenye msitu wa Belize. Cameroon, Hifadhi ya Korup, watafiti walitandaza vinasa 12 na kupata mpangilio wa uwindaji wa bunduki kwa saa, siku na msimu, wakavitumia pia kupima kama doria zinabadilisha chochote. Huku kwetu magharibi, Bonde la Issa, wanasayansi wameshatumia vinasa vilivyosambazwa kutafuta sokwemtu walipo kwa tofauti za muda wa milio yao. Ujuzi upo kanda hiihii.

Namna ya kuanza tunaiona hivi. Usijaribu kufunika hifadhi nzima. Kinasa kinachosikia hadi mita 800 hufunika takriban kilomita mbili za mraba, kwa hiyo Ugalla yote ingetaka vinasa kama 1,900. Weka 25 kwenye mabwawa ya mto yanayobaki na maji kiangazi na kwenye mapito ya zamani ya baiskeli. Kabla ya hapo pima umbali halisi: askari mwenye mamlaka, mbele ya msimamizi, apige risasi tatu kutoka mita 300, 600, 900 na 1,200, asubuhi, adhuhuri na usiku, mara moja kiangazi na mara moja masika majani yakiwa mengi. Magobore yaliyosalimishwa kwa hiari, yakikaguliwa na fundi wa silaha na kufyatuliwa kwa kamba kutoka mbali, yatumike pia kwenye majaribio hayo ili programu ifundishwe kwa milio ya hapa.

Rekodi kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani kinasa kipime sauti mara 8,000 kila sekunde. Inatosha, kwa sababu mlio wa mbali umeshapoteza sauti zake nyembamba njiani, na kilichobaki ni sauti nzito. Kwa kiwango hicho saa moja inakula megabaiti 58, siku nzima gigabaiti 1.4, na kadi ya gigabaiti 64 inafika siku 46. Betri ndogo hazifiki huko ukirekodi mfululizo. Unganisha betri kubwa ya nje, au rekodi saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi tu. Funga kinasa mita nne au tano juu, kwa kamba na si kwa msumari. Fyeka nyasi mita tatu kuzunguka shina, la sivyo moto wa Julai utakiondoa. Weka kipakiti cha kunyonya unyevu ndani, na wavu mwembamba sana juu ya tundu la maikrofoni dhidi ya siafu na nyuki.

Moto huohuo utakusumbua masikioni: mianzi na magogo mabichi yanapoungua hupasuka kwa vishindo. Tawi likivunjika hutoa mlio mfupi usio na mkia, wakati risasi huanza ghafla na kufifia polepole ndani ya msitu. Radi huanza taratibu na kuvuma muda mrefu. Mtu aliyefundishwa wiki mbili huzitofautisha. Programu ikimletea vipande 200 vya sekunde nne, ni dakika 13 za kusikiliza, na akirudia vyenye utata ni saa moja. Lakini lazima awe na kalenda ya milio halali: mazoezi ya askari wa hifadhi, uwindaji wenye kibali, risasi za kufukuza tembo mashambani. Asipokuwa nayo atapeleka ripoti ya ujangili ambayo nusu yake ni milio ya wenzake.

Kadi zinakusanywa kila mwezi, kwa hiyo hakuna wa kukimbizwa. Tunaliona hilo kuwa jema. Doria inayokurupuka usiku kuelekea kwenye mlio wa gobore inakutana na mtu mwenye hofu na silaha iliyoshindiliwa, au na mrina asali asiyehusika. Ramani ya miezi mitatu inafanya kazi nyingine: inaonyesha kwamba milio inaongezeka usiku wa giza, au siku mbili kabla ya gulio fulani, au upande ambao doria haijafika tangu mvua zianze. Msimamizi anabadilisha ratiba, na mwezi unaofuata anaangalia kama milio imepungua au imehamia bonde la jirani. Kuhama ni jambo la kutarajia, ndiyo maana vinasa vitano kati ya 25 vihamishwe kila mwezi bila ratiba inayotabirika, na orodha ya miti vilipofungwa iwe mikononi mwa watu wawili tu.

Mwisho ni sauti za watu. Marekani, Oakland na New Bedford, maikrofoni za risasi ziliwahi kunasa maneno ya watu na maneno hayo yakafika mahakamani, ingawa mitambo ilinadiwa kwamba haisikilizi mazungumzo. Kinasa cha porini nacho kitanasa warina asali, wavuvi na wachungaji wakiongea mambo yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika, na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Vijiji vinavyopakana vielezwe kwenye mkutano mkuu kwamba vinasa vipo, bila kutajiwa miti. Programu ikishatoa vipande vyenye mlio unaoshukiwa, zihifadhiwe sekunde 10 kabla na 10 baada, na kilichobaki kwenye kadi kifutwe ndani ya siku 30 mbele ya mwakilishi wa jumuiya ya hifadhi, kwa saini. Na kama siku moja kipande kitahitajika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 itataka kionyeshwe kimetunzwaje tangu kilipotoka mtini. Saa ya kinasa ikiwa imepotea nusu sekunde tu, mahali panapodaiwa panaweza kuwa pamekosewa kwa mita 170, na wakili yeyote makini atauliza hilo kwanza.